Mwanamke wa Unguja na Daftari la Hesabu

Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tuwakumbuke waliotutangulia katika kazi ya mikono na kazi ya kalamu. Miongoni mwao wamo wanawake, ambao jasho lao lilionekana siku zote, bali majina yao yaliandikwa kwa nadra.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi. Kabla ya kusifika kwa uimbaji alitembeza vyungu kwa kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kutia sauti yake katika santuri. Hakupata kusoma wala kuandika. Biashara aliijua kwa nyayo zake.

Mwaka 1927 serikali ilifungua skuli ya wasichana mjini. Wazazi wengi walisita, wakichelea heshima ya binti zao. Hata hivyo skuli ilidumu, ikatoa walimu wanawake, nao wakawafundisha wengine. Njia hiyo ya elimu ilizidi kupanuka. Mwaka 1977 binti wa Kizimkazi, Samia Suluhu Hassan, aliajiriwa ukarani serikalini. Hakuridhika na meza ile ya kwanza: alisomea utawala Mzumbe, akahitimu mwaka 1986. Tarehe 19 Machi 2021 aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania.

Huku mashamba, mapinduzi yalitoka baharini. Wanawake wa pwani ya mashariki walikuwa wakifukia makumbi ufukweni na kusokota kamba za usumba. Mwaka 1989 kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza Paje na Jambiani. Maji ya bamvua yakitoka, mkulima hushuka, hupigilia vijiti mchangani, hufunga mbegu katika kamba, na baada ya wiki sita hivi huvuna. Wanaume wengi waliojaribu waliiacha kazi hiyo kwa udogo wa bei, wanawake walibaki. Kwa fedha hizo walinunua sare za skuli, wakaezeka nyumba kwa mabati.

Lakini bei ilipangwa na mnunuzi, ambaye mara nyingi ndiye aliyetoa kamba na vijiti. Tena joto la bahari lilipozidi, mwani wa kotonii, wenye bei bora, ulikufa katika sehemu nyingi. Ukabaki spinosamu, wenye bei ya chini. Kuanzia mwaka 2006, kwa juhudi za wataalamu kama Dkt. Flower Msuya, vikundi vya Paje, Bweleo na Kidoti vilijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Atengenezaye sabuni hana budi kujua gharama ya mafuta, ya vifungashio na ya usafiri, ndipo aseme bei yake bila kutetemeka. Hapo mkulima huwa mfanyabiashara.

Ndugu wanachama, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Haifai mwanamke ahesabiwe kwa uzito wa magunia yake tu, na mizani, daftari na kiti cha kamati viwe vya wengine. Ujasiri hauji kwa kuhimizwa. Huja kwa mtu kusoma hesabu yake mwenyewe na kuiona ni sahihi. Basi katika miaka kumi ijayo, na tuwafunze wanachama wanawake utunzaji wa hesabu, kisha tuwachague. Mwenyezi Mungu atujaalie.