Lugha yenye b mbili

Wandugu, mimi ni mtu wa agronomia. Nilianza kusoma juu ya Nepal kwa sababu ya mashamba yao ya ngazi kwenye milima, lakini kilichonishika ni lugha moja: Kiwambule, ya jamaa ya Kiranti. Inasemwa mashariki ya Nepal, pale mito Sunkosi na Dudhkosi inakutana. Jean Robert Opgenort alipotoa kitabu cha sarufi yake mwaka 2004, wasemaji walikuwa zaidi ya 5,000. Soko kubwa ya kwetu inaweza kuwapita hao siku moja tu.

Lugha hii iko na b mbili. Moja unasukuma hewa nje. Ya pili unafunga midomo, koo linashuka kidogo, na ukifungua, hewa inataka kuingia ndani. Musifikiri ni ajabu ya mbali. Musikilize mtu wa Zanzibar akisema "baba", halafu "mbuzi": ya kwanza inavuta, ya pili haivuti. Lakini yeye hana maneno mawili yanayoachana kwa hiyo tu. Kwa Kiwambule, ukikosea b, unaweza kusema neno lingine.

Sasa historia. Miaka ya 1770, jeshi la Gorkha la mfalme Prithvi Narayan Shah lilikamata inchi ya Wakiranti. Hata hivyo waliachiwa udongo wao kwa kawaida iliyoitwa kipat: shamba ni la ukoo, haliuzwi kwa mgeni. Wenye kusema Kinepali wakaingia polepole, wakakopesha, wakashika mashamba kwa rehani. Sheria za ardhi za miaka ya 1960 zikamaliza kipat, na wakati ule ule shule zilikuwa za Kinepali peke yake. Wengi wanalaumu shule. Mimi naona udongo ulitangulia: kama jirani unayelima naye hasemi lugha yako, utaisema na nani mchana?

Katiba ya 2015 inasema lugha zote za mama ni lugha za taifa. Sawa. Lakini Kinepali hakina ile b ya kuvuta, na herufi zake hazina alama yake. Mwalimu akiandika nazo vile ziko, b zote mbili zinafanana, na mtoto aliyezoea Kinepali atasoma ile ya kusukuma. Wasindhi wa India, wanaotumia herufi za aina hiyo hiyo, walichora tu mstari chini ya herufi ya b yao ya kuvuta.