Bakuli au kinu? Jinsi neno moja linavyowahukumu waliolala chini ya mawe

Nilipozuru Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kijana mmoja katika kundi letu aliangua kicheko mbele ya makaburi. Mwelekezi alikuwa ametueleza kwamba wanawake waliozikwa pale zaidi ya miaka 2,000 iliyopita waliwekewa mabakuli ya mawe na michi, ilhali wanaume hawakuwekewa vyombo. "Kumbe hata kaburini walipelekwa jikoni!" kijana akasema. Tulicheka sote, nami nikiwemo.

Usiku kicheko kile kikaanza kunikera.

Mary Leakey alikichimba kilima hicho kati ya 1937 na 1938. (Kwa Kiswahili tungekiita Kilima cha Pimbi, maana Waingereza walikipa jina kutokana na pimbi waliojaa kwenye miamba yake.) Chini ya marundo ya mawe alikuta mifupa ya watu waliozikwa wamekunjwa, magoti yameletwa kifuani. Hawakuacha maandishi, basi wasomi wakawabatiza wafugaji hao wa kale kwa chombo walichokutwa nacho: watu wa mabakuli ya mawe. Jamii nzima ikaitwa bakuli!

Na bakuli, msomaji, halina siasa nyingi. Likitajwa tu, akili inakimbilia uji na mchuzi. Lakini chombo chenye mchi pembeni si kinu? Kinu hutwanga nafaka, sawa, ila hutwanga pia dawa, tumbaku na rangi ya kujipaka. Mganga ana kinu. Wataalamu wenyewe bado wanabishana kuhusu kazi ya vyombo hivyo, na wapo wanaovihusisha na matambiko.

Isitoshe, mwaka 1938 Leakey huyo huyo alichimba pango la Mto Njoro, mwendo mfupi kutoka Nakuru. Mlikuwa na mabaki ya watu karibu 80, miili yao imechomwa, na idadi ya vyombo inakaribia idadi ya wafu: bakuli, mchi na jiwe la kusagia kwa kila mtu, mwanamume kwa mwanamke. Sijui kijana wetu angesema nini hapo. Labda kwamba wanaume wa Njoro nao walikuwa wapishi?

Mimi tangu siku hiyo nasema "chombo cha jiwe". Halipendezi sana masikioni, lakini halimtumi mama wa watu jikoni bila ushahidi.