Mwiko, Jembe na Maombi: Jinsi James na Ellen White Walivyobadili Meza Yao



Mwaka jana mume wangu alipimwa presha na namba zikatutisha. Daktari akampa dawa, akamwambia apunguze chumvi, mafuta na nyama, ale zaidi mboga za majani, jamii ya kunde na matunda. Tukarudi nyumbani kimya. Usiku ule, nikiosha vyombo, nikajiuliza jambo ambalo najua wengi wenu mmewahi kujiuliza: mwiko wa nyumba hii nimeushika mimi miaka yote. Je, ni mimi niliyemfikisha hapa? Na kama ni mimi, naweza kumrudisha?

Katika kutafuta jibu nilikutana tena na habari za mke mmoja wa zamani aliyekuwa na swali kama langu. Leo nataka niwasimulie. Huhitaji kuwa wa dhehebu lake ili ufaidike, kwa sababu habari yenyewe ni ya mume, mke, jiko na Mungu. Hayo sote tunayajua.

Nyumba ya kazi nyingi na maradhi mengi

Ellen Harmon alizaliwa mwaka 1827 huko Gorham, jimbo la Maine, Marekani. James White alizaliwa mwaka 1821 huko Palmyra, jimbo hilo hilo. Walioana tarehe 30 Agosti 1846 wakiwa hawana kitu. James alibeba mawe kwenye ujenzi wa reli na kukata majani mashambani ili wapate chakula. Pamoja na hayo walihubiri, walisafiri na kuchapa gazeti la imani yao. Baadaye walihamia Battle Creek, jimbo la Michigan, na wakawa miongoni mwa waanzilishi wa Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwezi Mei 1863.

Mungu aliwajalia watoto wanne wa kiume: Henry, Edson, Willie na John Herbert. Huyo wa mwisho alizaliwa Septemba 1860 na kufariki Desemba mwaka ule ule, hajatimiza hata miezi mitatu. James alikuwa mtu wa kukesha mezani akiandika. Ellen alikuwa dhaifu tangu alipopigwa jiwe usoni akiwa na miaka tisa, na kuzimia kulikuwa jambo la kawaida kwake.

Mezani kwao kulikuwa na nini? Kama nyumba nyingi za Marekani wakati ule: nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, mafuta yake ya kukaangia, mkate wa unga mweupe, achari, chai na kahawa. Ellen mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikuwa mlaji mkubwa wa nyama, na aliamini nguvu zake zinatoka humo.

Ukiugua, tiba ilikuwa mtihani mwingine. Madaktari wengi wa zama zile walitoa dawa zenye zebaki, kasumba na hata sumu kama strikinini. Wengine bado walitoa wagonjwa damu. Ndiyo maana watu wengi walianza kutafuta njia nyingine.

Mwaka 1863

Mwanzoni mwa mwaka huo watoto wao wawili waliugua koo, wakati dondakoo ilikuwa ikiua watoto wengi. Ellen alikuwa amesoma makala ya daktari mmoja, James Caleb Jackson wa Dansville, New York, aliyetibu kwa maji, hewa safi na chakula chepesi. Akafuata maelekezo yale, na watoto wakapona.

Kisha tarehe 5 Juni 1863, Ijumaa jioni, James na Ellen walikuwa Otsego, Michigan, nyumbani kwa familia ya Hilliard. Wakati wa maombi Ellen alipata kile alichokiita njozi. Alisema alioneshwa kwamba kuutunza mwili ni sehemu ya kumtumikia Mungu, na kwamba chakula bora ni kile kinachotoka ardhini: nafaka, matunda, mboga na karanga. Ujumbe mwingine uliwahusu wao wawili moja kwa moja. James na Ellen walikuwa wanajiua kwa kazi, na hawakupaswa kudhani kwamba Mungu angewabeba huku wao wenyewe wakiharibu afya yao.

Tuseme ukweli, hakuwa wa kwanza kusema hayo. Mhubiri Sylvester Graham alishahubiri mkate wa unga usiokobolewa na kuacha nyama tangu miaka ya 1830. Wanahistoria wamebishana sana ni kiasi gani Ellen alipata kwa watu kama hao. Lakini yeye aliyachukua mambo hayo na kuyaweka ndani ya imani. Kwa wafuasi wake, kula vizuri kulikoma kuwa ushauri wa daktari tu, kukawa ibada. Mtu anaweza kuusahau ushauri wa daktari baada ya wiki, lakini ibada hairuki kila siku.

Desemba ya mwaka huo huo Henry, kifungua mimba wao, alipata nimonia wakiwa Topsham, Maine. Alitibiwa kwa dawa za wakati ule, akafariki tarehe 8 akiwa na miaka 16. Miezi miwili baadaye Willie naye akapata nimonia. Safari hii wazazi walitumia tiba ya maji na maombi, na Willie akapona. Sisemi hivi ili mtu abaki nyumbani na mtoto mgonjwa. Leo nimonia ina dawa nzuri, mpeleke mtoto hospitali haraka. Nasema ili uone mama huyu alikuwa amebeba nini moyoni alipoanza kubadili jiko lake.

Mkate usiolika

Wengi tunadhani watu wa imani hubadilika kwa siku moja. Ellen hakuwa hivyo. Alipoondoa nyama mezani na kuleta mkate wa ngano nzima, alishindwa kuula. Alisimulia kwamba aliondoka mezani bila kula, akaweka mikono juu ya tumbo lake na kuliambia lisubiri mpaka litakapokuwa na njaa ya kula mkate. Baada ya muda, ule mkate ukawa mtamu kwake.

Na hata hapo hakuwa amemaliza. Kwa miaka mingi, hasa safarini au chakula kingine kilipokosekana, alikula nyama mara moja moja. Ni Januari 1894 tu, akiwa Australia na umri wa miaka 66, alipoamua kuiacha kabisa. Kutoka Otsego mpaka hapo ni zaidi ya miaka 30. Nilipopiga hesabu hiyo nilipumua, maana mimi nilikuwa nimekata tamaa baada ya wiki tatu tu.

Kiharusi

Tarehe 16 Agosti 1865 James alipigwa na kiharusi. Alikuwa na miaka 44. Mkono wake wa kulia ulikosa nguvu na akili yake ikachoka. Kumbuka kwamba nyumba yao ilikuwa imeshabadili chakula kwa miaka miwili. Chakula hakikuweza kufuta miaka 20 ya kukesha na kujitesa kwa kazi.

Ellen akampeleka Dansville kwa Daktari Jackson. Walikaa karibu miezi mitatu. Chakula cha pale kilikuwa kizuri, lakini madaktari walitaka James apumzike kabisa, asifanye kazi yoyote, na asijishughulishe sana na mambo ya dini. Ellen aliona mume wake anazidi kuzama katika huzuni na hofu. Mwezi Desemba akaamua kumwondoa pale, ingawa wengi walimwona mkaidi.

Mwaka 1867 walihamia shamba dogo Greenville, Michigan, na hapo ndipo Ellen alipotumia akili ya mke. Alinunua majembe na reki, kila mmoja na lake: James, Willie na yeye mwenyewe. James akalalamika, lakini mke alipochukua jembe na kulima mpaka mikono ikatoka malengelenge, mume akafuata. Wakati wa kuvuna majani makavu ulipofika, James alipanga kuwaomba majirani msaada. Ellen akatangulia kwao kimya kimya, akawasihi wamjibu kwamba wana kazi nyingi. James akarudi amevunjika moyo. Ellen akamwambia tutafanya wenyewe, akapanda juu ya lundo la majani na kulipanga huku mume akimrushia.

Majirani walishangaa kumwona mama mhubiri juu ya lundo la majani. Lakini mume alianza kulala usingizi, kula na kutembea, kisha akarudi kuhubiri. Baadaye aliongoza kanisa lake tena kwa miaka mingi. Kiharusi kilimrudia katika miaka ya 1870, kwa sababu hakuacha kabisa tabia ya kubeba kazi za watu wote, na alifariki tarehe 6 Agosti 1881, siku mbili baada ya kutimiza miaka 60. Hata hivyo ile miaka 16 aliyoishi baada ya kiharusi cha kwanza wachache waliitarajia. Ellen, yule binti dhaifu, aliishi mpaka Julai 1915, akafa ana miaka 87.

Kilichokuja baada yao

Septemba 1866 kanisa lao lilifungua nyumba ya tiba Battle Creek. Miaka kumi baadaye iliongozwa na Daktari John Harvey Kellogg, kijana ambaye akina White walimsaidia kusoma udaktari. Mke wake, Ella Eaton Kellogg, ndiye aliyefanya kazi ambayo sisi wanawake tunaielewa: alijaribu mapishi jikoni, tena na tena, mpaka chakula kisicho na nyama kikawa kitamu, kisha akayaandika kitabu.

Imani hiyo ilifika pia kwetu Afrika Mashariki: milima ya Upare mwaka 1903, na Gendia karibu na Ziwa Victoria mwaka 1906.

Wanasayansi nao wamewafuatilia Waadventista kwa muda mrefu. Utafiti mmoja ulioanza California miaka ya 1970 ulihusisha watu wapatao 34,000. Ulionesha kwamba wanaume wao waliishi takriban miaka 7 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake zaidi ya miaka 4. Utafiti mwingine, ulioanza mwaka 2002 na watu wapatao 96,000, ulionesha kwamba kisukari kilikuwa kichache zaidi kwa wasiokula nyama. Lakini tusidanganyane: watu hawa pia hawavuti sigara, wengi hawanywi pombe, hufanya mazoezi, na wana siku moja ya kupumzika kila wiki. Mboga ni sehemu ya maisha mazima.

Turudi jikoni kwetu

Visiwani kwetu tatizo letu mara nyingi ni aibu, si uhaba wa chakula. Mgeni akija ukamwekea choroko na mchicha, unahisi umemdhalilisha. Tumeziita hizo mboga za shida, wakati bibi zetu walizila wakafika uzeeni wakitembea kwa miguu yao. Mbaazi za nazi, kisamvu, kunde, viazi vitamu, mashelisheli, ndizi, ufuta, mtama, mapera: vyote hivi vipo sokoni, na vingi ni bei nafuu kuliko kilo ya nyama. Tunachohitaji ni kupunguza chumvi, mafuta na sukari, na kuacha kuzamisha kila kitu ndani ya nazi nzito.

Tahadhari mbili. Kama mumeo anatumia dawa za presha au kisukari, asiziache kwa sababu ameanza kula mchicha. Arudi kwa daktari apimwe, naye ndiye atakayesema dozi ipunguzwe au la. Na ukiacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa, muulize daktari kuhusu vitamini B12, kwa kuwa mboga haziitoi.

Katika Kitabu cha Danieli, vijana wanne waliomba wajaribiwe kwa siku 10 tu, kwa mboga na maji. Napenda kwamba waliomba jaribio, hawakutoa kiapo cha maisha. Mimi na baba watoto tulianza hivyo hivyo, siku 10. Tukaanguka, tukaanza tena. Siku hizi jioni tunatembea pamoja hadi ufukweni na kurudi, na tunaomba pamoja kabla ya kula. Presha yake imeshuka, dawa bado anameza, na safari bado ndefu.

Lile swali langu la usiku ule sasa nalijibu hivi. Si mimi peke yangu niliyemfikisha pale, na si mimi peke yangu nitakayemrudisha. Ellen alibadili chakula, lakini mume wake aliinuka walipokuwa shambani pamoja, kila mmoja na jembe lake.

Basi dada, ukishika mwiko leo, mwite na mwenzio jikoni. Mpe nazi akune. Mungu awape afya na miaka mingi pamoja.