Hiari Yashinda Utumwa

Ndugu msikilizaji, kila Jumapili katika parokia za Mwanza, kuanzia Kanisa Kuu la Epifania kule Bugando hadi vigango vilivyo kando ya ziwa, vijana waliovaa kanzu hutangulia maandamano ya kuingia kanisani. Mmoja hushika msalaba, wengine mishumaa na chetezo cha ubani. Hao ndio watumishi wa altare. Hawalipwi hata senti moja, wamejitolea. Leo napenda tuitazame historia ya vijana na kanisa katika mwambao huu, kwa sababu haikuanza kwa hiari.

Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tunawajua kwa jina la Mapadri Weupe, walifika Buganda Februari 1879 baada ya kuvuka ziwa kutoka upande wetu wa kusini. Novemba 1882 waliondoka huko wakarudi kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa mji wa Mwanza. Walikuwa na watoto waliowakomboa kwa kuwanunua kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Kumkomboa mtoto ni jambo jema, hilo halina ubishi. Lakini mtoto wa namna hiyo hakuulizwa anataka kusali wapi. Alitolewa, hakujitolea.

Wakati huohuo, ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa tofauti. Mapadri walikuwa hawapo, lakini vijana waliokuwa wakitumika katika jumba la Kabaka waliendelea kufundishana dini wenyewe kwa wenyewe. Mapadri waliporejea Julai 1885 waliwakuta wanaotaka ubatizo wameongezeka. Aliyewaongoza vijana hao, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliuawa Novemba 1885. Karoli Lwanga akashika nafasi yake. Ndiye aliyembatiza Kizito, kijana wa miaka kama 14, muda mfupi kabla wote wawili hawajauawa kule Namugongo, Juni 3, 1886. Hakuna mzazi wala padri aliyewasukuma. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, nami sijui mfano ulio wazi zaidi ya huo.

Baadaye misheni zilienea, na utumishi wa altare ukawa na taratibu zake. Mtumishi alikuwa mvulana, tena alijibu misa kwa Kilatini alichokikariri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Desemba 1963, ulifungua mlango wa kutumia lugha za wenyeji. Hati hiyohiyo ilitamka kuwa watumishi hao wanatimiza huduma halisi ya ibada. Kwa maneno mengine, kijana yule si pambo la altare.

Hata hivyo, wasichana waliendelea kubaki kwenye mabenchi. Ilikuwa Machi 1994 ndipo Roma ilipoyaandikia mabaraza ya maaskofu kwamba wasichana nao wanaweza kutumikia, na kila askofu akaachiwa uamuzi katika jimbo lake. Fikiria, msikilizaji: katika parokia nyingi wasichana ndio wanaofagia kanisa na kuimba kwaya, lakini kubeba mshumaa kulihitaji ruhusa kutoka Roma!

Nayasema haya kwa sababu mjini kwetu naona makosa mawili. Wapo wazazi wanaomlazimisha mtoto kutumikia ili jirani waone familia ni ya dini. Na wapo wanaomkataza, wakisema Jumamosi ya mazoezi ni afadhali iwe ya masomo ya ziada. Wote hao wamesahau kumuuliza mwenyewe. Aliyelazimishwa ataacha siku atakapohama nyumbani. Aliyekatazwa atajifunza kwamba kazi isiyo na malipo ni kazi ya wajinga, na jamii yenye vijana wa fikra hiyo haitapata mtu wa kuchimba kaburi wala wa kusafisha mtaro.

Rai yangu ni hii. Parokia iwape vijana kazi ya kweli: wapange zamu wao wenyewe, wafundishe wadogo zao, na watu wazima wawalinde bila kuwatumia. Hapo hatutahitaji kuwahimiza. Kijana akiona anaaminiwa, atafika kanisani alfajiri kabla hata kengele haijagongwa.