Super Matimila: Bendi ya Dk Remmy iliyoimba 'soksi', redio ikagoma

Ukitaja Matimila mjini Songea, wengi watawaza kata ya Songea Vijijini. Kwa wapenzi wa muziki wa dansi, hilo ni jina la bendi iliyompa umaarufu Ramadhani Mtoro Ongala, yaani Dk Remmy.

Remmy alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Alitua Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, baadaye akahamia Matimila, ambayo iliongezewa neno Super. Enzi hizo bendi nyingi kubwa zilibebwa na mashirika na jumuiya: Msondo walikuwa wa Juwata, Vijana Jazz wa umoja wa vijana wa CCM. Vyombo vya Matimila vilikuwa mali ya mfanyabiashara. Na kwenye dansi, mwenye vyombo akinuna, hakuna onyesho.

Magitaa yao yalikuwa na ladha ya Kongo, ila maneno yalikuwa Kiswahili cha mtaani. Remmy aliimba kifo, ufukara na ubaguzi, mambo ya walalahoi.

Mwaka 1988 bendi ilialikwa kwenye tamasha la WOMAD, ikazunguka Ulaya. Kisha ikarekodi Real World, lebo ya Peter Gabriel, yule aliyewahi kuimba bendi ya rock ya Genesis. Zikatoka albamu mbili: Songs for the Poor Man (1989) na Mambo (1992).

Ngoma iliyozua kizaazaa zaidi ni Mambo kwa Soksi. Soksi hapo ni kondomu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walibainika Kagera mwaka 1983, na miaka ya mwanzo watu waliunong'ona tu ugonjwa huo. Remmy akautamka jukwaani, na kinga akaitaja. Radio Tanzania ikakataa kuupiga wimbo, na wakati huo Bara haikuwa na redio nyingine ya kukimbilia. Haikusaidia kitu: wimbo ulishafika mtaani, na watu wakajua soksi ni nini. Kwa kazi moja ya dansi, huo si mchango mdogo.

Baadaye Remmy aliokoka, akageukia nyimbo za injili. Alifariki Dar es Salaam Desemba 13, 2010. Eneo alilokuwa akiishi bado linaitwa Sinza kwa Remmy, na abiria wa daladala wanashuka hapo kila siku, wakiwemo waliozaliwa baada ya bendi kunyamaza.