Michezo Kangema: Kaya huamua nani atajitolea

TIMU ya kijiji inapocheza Jumamosi alasiri huko Kangema, Kaunti ya Murang'a, macho ya mashabiki huwa kwa wachezaji, mkufunzi na refa. Aliyefua jezi hatajwi.

Kujitolea, kwa fasili ya wataalamu, ni kazi ya hiari isiyo na ujira, inayowafaa watu walio nje ya kaya ya mtendaji. Michezoni fasili hiyo huzua utata. Mama akifua jezi ya mwanawe, hiyo ni kazi ya nyumbani. Akifua za timu nzima, amejitolea, ingawa maji na sabuni ni vilevile.

Aina ya kaya huchangia pakubwa kuamua nani atashika jukumu lipi. Wazazi wawili wenye watoto shuleni huvutwa na mtoto wao: mara nyingi baba huingia kamatini au hutafuta gari la kwenda uwanja wa Ihura mjini Murang'a, naye mama hushughulikia chakula. Mtoto akimaliza shule, wengi wao hujiondoa. Kijana anayeishi peke yake hushika kibendera au hufunza chipukizi, mradi pikipiki yake haina abiria. Anayedumu ni mwalimu mstaafu ambaye wanawe wamehama. Huyo huwa katibu, mweka hazina na mpatanishi kwa pamoja.

Mama anayelea watoto peke yake, au nyanya aliyeachiwa wajukuu, huchangia kutoka jikoni. Sufuria ya githeri haimlazimu kuondoka nyumbani, hasa siku ya kuchuma majanichai.

Tatizo si ukosefu wa moyo. Uchunguzi wa kwanza wa matumizi ya muda nchini, uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) mwaka 2021, ulionyesha kwamba wanawake hutumia asilimia 18.7 ya muda wao kwa kazi za nyumbani na malezi bila malipo. Wanaume asilimia 3.6. Yaani, takriban saa nne na nusu kwa siku dhidi ya muda usiotimia saa moja.

Mathare, Nairobi, chama cha MYSA, kilichoanzishwa 1987, kilizipa timu alama za ligi kwa kusafisha mitaa, na kazi isiyoshangiliwa ikaingia katika jedwali. Vijijini, orodha inayotakikana mafunzo au fedha zinapotolewa huwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mkufunzi. Mpishi hayumo.