Rezo inakatikia wapi? Historia ya njia inayofika Katuba

Huku kwetu Katuba rezo ikikatika, kwanza tunapiga kofi kile kisanduku cha wifi, kisha tunatukana kampuni. Wakati huo dosye ya kuomba kazi ao bursi imebaki nusu, na tarehe ya mwisho haingoji mtu. Mimi nilisoma historia, si ufundi. Lakini historia inaonyesha mahali pa kutafuta, maana njia hii iko na sehemu nne, na kila moja iko na alama yake.

Ya kwanza ni umeme. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kazi 1930 kwa ajili ya Union Minière. Mwaka 1982 ikamalizika laini ya Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700, nayo ilijengwa kwa ajili ya shaba: ilipita juu ya vijiji bila kuviachia hata balbu moja. Migodi ilitangulia, nyumba zikafuata. Njo maana umeme unayumba. Ukikatika sekunde mbili tu, kisanduku kinaanza upya. Alama: taa zake zote zinazimika, kisha zinawaka. Dawa ni betri ndogo. Kubadilisha kampuni hakutasaidia kitu.

Ya pili ni hewa kati ya nyumba na mnara. Simu ya mkononi ilianza Kinshasa na Telecel miaka ya 1980, wakati simu za waya zilikuwa zimechakaa. Nchi ikaruka waya, na mpaka leo wengi wetu tunakula intaneti ya mnara, mtaa mzima pamoja. Alama: taa ziko sawa, wifi iko, lakini saa mbili za usiku kurasa hazifunguki, na usiku wa manane zinafunguka vizuri. Sogeza kisanduku kwenye dirisha linaloelekea mnara, tuma dosye yako alfajiri.

Ya tatu iko mbali: kebo ya WACS, iliyofunguliwa Muanda mwaka 2013. Januari 2020 matope ya mto Kongo yaliporomoka chini ya bahari, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,100, yakakata kebo za WACS na SAT-3. Agosti 2023 zikakatika tena mahali pale, na meli Léon Thévenin ikatoka Cape Town kwenda kuzitengeneza. Alama: intaneti inachechemea siku nyingi, kwako na kwa jirani mwenye kampuni ingine.

Ya nne ni mkono wa serikali. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchi nzima karibu siku 20. Alama: kampuni zote zinakufa kwa mara moja, lakini simu za sauti zinapita. Hapo hakuna kisanduku cha kutengeneza. Swali ni la raia.

Basi, kamata kaye. Kila rezo ikikatika, andika saa, hali ya taa, na jibu la jirani. Fanya hivyo wiki moja. Ukienda kulalamika na karatasi ile, mtu wa kaunta hataweza kukujibu tu, "zima, uwashe tena". Na kama karatasi inasema ni umeme, utakuwa umejua pesa yako iende kununua nini.